Tandiko la Shangazi

Kambi ya kwanza, kando ya ziwa
Jumatatu jioni

Dada,

Mimi mzima, farasi wazima, wageni nusu nusu. Mmoja ameshuka kwenye farasi akabaki amepanua miguu kama vile farasi bado yupo katikati, na mpaka naandika hii anatembea hivyo hivyo. Ni daktari wa meno. Mkewe alimcheka mpaka akakaa chini, halafu yeye mwenyewe akashindwa kuinuka.

Barua hii nampa Kobe, dereva wetu wa lori la chakula, maana yeye ndiye pekee anayekwenda na kurudi kwenu zizini. Simu huku ni jiwe la kubebea mfukoni. Ukitoka zizini kuja kaskazini hakuna mnara, hakuna nyumba, hakuna hata mbwa wa kukubwekea. Kuna mawe, nyasi fupi za rangi ya kutu, mito ya maji ya barafu, na upepo unaoingia mkono mmoja wa koti ukatokea mkono wa pili. Na watu wanaacha vitanda vyao kwa hiari wakaita mapumziko.

Kazi yangu unaijua, ila nakukumbusha ili upate nafasi ya kunisifu. Bwana Taratibu anatangulia mbele kwa sababu yeye ni mkuu wa msafara. Mimi nakaa nyuma ya wote juu ya Shangazi, kwa sababu wa nyuma ndiye anayeona kila kitu: nani mkanda wa tumbo la farasi wake umelegea, nani anateleza upande, nani analia kimyakimya akisingizia upepo. Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini mgongoni mwa Shangazi mimi ni profesa.

Sasa kuna jambo. Kuna mgeni amekuja peke yake. Mnene kiasi, sharubu zimechanwa, maneno kama ya kupimiwa. Anavaa glavu. Utasema wote wanavaa glavu kwenye baridi. Huyu anakula nazo. Leo amemenya yai na glavu, Dada. Yai. Nimemwita Bwana Glavu na jina limemkaa kama umelishona wewe.

Lakini kilichoniudhi si yai. Nilimvua Shangazi tandiko nikaliweka juu ya gogo, nikaenda kuchota maji. Narudi, Bwana Glavu keshalipindua, anachungulia chini yake. Halafu akamfuata Shangazi, akampitisha mkono mgongoni, polepole, kutoka mabegani mpaka kiunoni. Na Shangazi, ambaye humtazama kila mtu kama shangazi aliyekuja kukagua jikoni, akatulia.

Nikamuuliza, "Bwana, umepoteza kitu?"

"Natazama tu," akasema, akaenda zake.

Mtu anayepapasa mgongo wa farasi anatafuta vidonda. Anayetafuta vidonda anataka kununua. Na wewe na mimi tunajua yale maneno yanayozunguka kwamba Tajiri mwenye zizi atauza farasi mmoja msimu huu. Nakwambia huyu si mtalii. Huyu ametumwa aione mali ikiwa kazini.

Shangazi nilimnywesha maziwa kwa chupa mama yake alipokufa. Nililala naye kwenye majani makavu mpaka nikanuka kama yeye, na wewe ndiye uliyenifukuza mezani. Hauzwi nikiwa napumua. Meza yako ya kushonea iko karibu na dirisha la ofisi. Tega sikio, uniambie umesikia nini.

Mdogo wako mwenye macho kisogoni,
Kiroboto


Zizini, chumba cha kushonea
Jumanne

Kiroboto,

Barua yako imefika na mafuta ya kukaangia. Kobe anasema ni wewe, wewe utasema ni Kobe, na mimi nawajua wote wawili.

Nimetega sikio kama ulivyoniagiza. Nimemsikia Tajiri akikoroma. Mambo ya kuuza farasi ni maneno ya watu wasio na kazi, na mmoja wao namwandikia sasa hivi.

Huyo mgeni ni mgeni. Mwache. Watu hawafanani, mmoja anapenda kutazama ndege, mwingine anapenda kutazama matandiko. Na glavu zake usizifanye mchezo, lile gumba lake bovu linamuuma kwenye baridi. Usimtanie mbele ya wenzake. Usimpe kumpanda yule Mheshimiwa anayeng'ata. Nakujua.

Umevaa zile soksi za sufu nilizozitia visigino vipya? Zivae. Sikukaa nazo jioni nzima ili uzibebe kwenye begi kama picha ya marehemu.

Huku kwema. Paa linavuja pale pale juu ya meza yangu, nami nimehama pale pale upande wa mlango. Nashona mikanda mipya. Ukirudi tutaongea.

Dada yako


Kambi ya pili, chini ya jabali
Jumatano

Dada,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili nikaacha kucheka. Mara ya tatu nimeisoma nikiwa nimefumba jicho moja.

Mimi nilikuandikia glavu. Gumba sikukuandikia. Gumba bovu umelijulia wapi?

Usijibu haraka, kuna la pili. Unakumbuka Shangazi alivyokuwa anafungua kila fundo kwa midomo yake, anajiachia, anakwenda kuwafungua na wenzake? Ukakaa ukatunga fundo lako, la kuzungusha mara mbili na kurudisha mkia chini, akashindwa. Ukanifundisha mimi tu. Hata Bwana Taratibu tulimnyima, tukamwambia ni siri ya ukoo. Basi leo Bwana Glavu kashuka, kachukua kamba, kazungusha mara mbili, karudisha mkia chini. Mbele ya macho yangu haya.

Nikajitia hamnazo. Nikamsogelea, nikasema, "Fundo zuri hilo, Bwana. Umejifunza wapi?"

"Kwa fundi mmoja."

"Fundi gani?"

"Mzuri."

Huyo ndiye mtu unayesema nimwache.

Nikamwendea Bwana Taratibu. Nikamwambia nina wasiwasi na mgeni. Akasafisha koo lake taratibu kama kawaida yake, akasema, "Mgeni ni mgeni. Mwache." Maneno yako, Dada. Yale yale. Mmekariri somo moja, na siku ya somo hilo mimi sikuitwa darasani.

Na bado. Tulipovuka mto wa leo, Bwana Glavu alibaki nyuma akawa sambamba nami. Ananiuliza maswali. Nimekuwa na farasi muda gani. Nikiugua nani anashika kazi yangu. Halafu akauliza, "Dada yako akiwa hayupo, wewe unakulaje?"

Nikamwambia, "Kwa mdomo, Bwana."

Akatabasamu chini ya sharubu. Mtu anayeuliza zizi linalindwaje bila fulani anapanga kuja wakati fulani hayupo. Hilo halihitaji cheti.

Nimekaa nimefikiri, na unajua nikifikiri hakuna kinachosimama njiani. Moja, huyu ni mchumba wako. Kama ndivyo sema, ila nakuonya, anakoroma kwa zamu, puani kisha mdomoni, farasi wanashtuka. Mbili, ni mnunuzi wa Shangazi, na Tajiri amekuomba unifunge kamba nisipige kelele. La pili ndilo linanikaa kooni, maana jioni hii tena kalipindua tandiko langu. Kila kambi analipindua. Tandiko la daktari analitazama mara moja, la mkewe mara moja. La Shangazi analinusa mpaka ngozi.

Tangu mama afariki hujawahi kunificha kitu zaidi ya sukari. Nijibu sawasawa.

Kiroboto


Zizini
Alhamisi, kwa haraka, Kobe ameshawasha lori

Kiroboto,

Si mchumba. Mtu ana wajukuu.

Shangazi hauzwi. Anayeuzwa ni Mheshimiwa, Tajiri ameniambia leo asubuhi mwenyewe, na mnunuzi ni mkulima wa huku jirani asiye na sharubu wala glavu. Nakuapia kwa mama.

Kuhusu gumba na fundo, nitakueleza ukirudi, uso kwa uso, ukiwa umekaa chini na umeshiba. Nakuomba kitu kimoja tu. Usimfanyie huyo mtu lolote. Na tandiko la Shangazi liache kama lilivyo, usilifungue, usililegeze, usiliguse zaidi ya kulivika na kulivua.

Dada


Kambi ya tatu, nyikani kabisa
Alhamisi, kabla Kobe hajafika

Dada,

Kimya chako kimenifundisha. Sikungoja jibu. Mdogo wako amechukua hatua na amechukua kwa akili, kwa hiyo keti usome vizuri.

Mnunuzi anataka nini? Farasi asiye na kasoro. Basi nikasema nimpe kasoro. Kumuumiza Shangazi siwezi, heri nijikanyage mwenyewe kwa kwato. Nikafikiri kama wale madalali wa farasi wanavyofikiri, ila mimi kwa nia njema. Asubuhi wenzangu wakiwa kwenye chai, nikachukua tandiko lake, nikapindua, nikafumua mshono wako kidogo kwenye ule mto wa chini, upande wa kushoto, palipo na sufu. Nikasokomeza soksi. Soksi yangu moja, imekunjwa kama ngumi. Nikashona tena kwa sindano ya dharura. Mshono wangu si kama wako, lakini kwa mbali na kwa mtu mwenye haraka unapita.

Nikamvika. Shangazi akapiga hatua chache, akanigeukia na lile jicho lake la kukagua jikoni. Akaanza kutembea amejikunja upande mmoja, kama bibi aliyebeba ndoo. Safi kabisa.

Na usiniite katili. Mimi sikumkalia. Nilisimama kwenye vikanyagio njia nzima, makalio hewani, mapaja yanatetemeka kama chaga za kitanda kibovu. Mke wa daktari akaniuliza, "Kijana, mbona husikii raha?" Nikamwambia huu ndio upandaji wa kisasa. Sasa na yeye anajaribu.

Bwana Glavu akaona. Akaona mapema sana. Uso ukamwanguka, Dada, ungemhurumia kama si mwizi. Tulipofika akalipindua tandiko, akabonyeza pale pale kwenye soksi kwa kidole, akabonyeza tena. Akamshika Shangazi mgongo, upande wa kushoto Shangazi akasogea. Akatikisa kichwa. Akaenda akakaa peke yake na kalamu, anaandika mpaka sasa. Nadhani anamwandikia Tajiri kwamba biashara imekufa.

Shangazi amevimba kidogo, kama andazi dogo. Nimemkanda na maji ya mto. Kesho sitampanda kabisa, nitamkokota kwa kamba, nitasema nanyoosha miguu.

Kwa hiyo mwambie Tajiri atafute pengine. Na wewe, aliyekunyamazisha amekunyamazisha bure.

Mshindi,
Kiroboto


Kambi ya tatu
Alhamisi

Kwa fundi mwenzangu,

Nilikuahidi kwamba nitakuandikia yaliyo kweli hata kama si mazuri, nawe ulisema ndivyo unavyotaka.

Matandiko yako yamenipendeza. Tumevuka mito, yamelowa, yamekauka kwa upepo, na hakuna mshono uliocheka. La daktari, ambalo amelikalia kama gunia, bado limenyooka. Ningeweza kukuandikia barua ya furaha.

Lakini tulikubaliana lile la farasi wa nyuma ndilo liwe la kupimia, kwa kuwa wewe mwenyewe ulisema hujawahi kushona zuri kuliko hilo. Siku za kwanza lilikuwa hivyo. Leo limeota donge upande wa kushoto, na mgongo wa mnyama umeanza kuvimba. Sufu iliyojazwa vizuri haifanyi hivyo ghafla. Nimejiuliza kila namna. Sijalifungua. Nilifundishwa kwamba tandiko la fundi aliye hai halifunguliwi na fundi mwingine bila yeye mwenyewe kuwepo, na ni mzee mno sasa kubadilika.

Kwa hali hii sitaweza kukupa ile meza ya mbele ya karakana yangu, penye mwanga. Mtu anayekaa pale, kazi yake inatoka bila mimi kuikagua. Naandika kwa uchungu.

Uliniomba pia nimtazame mdogo wako, nikuambie kama anaweza kubaki bila wewe. Ulimi wake mrefu kuliko hatamu. Lakini kwenye mto wa jana alimvua mke wa daktari glavu zilizolowa akampa zake, kisha akatembea na mikono kwapani akiimba ili asiulizwe. Farasi wanamfuata bila kuitwa. Angebaki salama. Ila tangu asubuhi kuna kitu ananificha, na ananitazama kama mimi ndiye niliyeiba.

Glavu bado nimezivaa kama ulivyoniagiza, nisije nikajulikana kwa mikono. Yai lilinishinda.

Mzee wa karakana


Zizini
Ijumaa

Kiroboto,

Kobe ameniletea barua mbili leo. Moja yako, moja ya Bwana Glavu. Yako nimeisoma kwanza, nikacheka kwa makalio hewani. Halafu nikaisoma ya pili.

Keti chini. Hujashiba lakini keti.

Huyo mzee ana karakana ya matandiko mjini, mbali, safari ya treni. Mwaka huu alinunua tandiko kuukuu mnadani, akageuza, akaona mshono, akauliza ni wa nani mpaka akanifikia. Alikuja hapa ukiwa machungani. Aliona meza yangu chini ya paa linalovuja. Akaniambia kwake kuna meza mbele ya dirisha, na mafundi, na ngozi ninayoisoma kwenye vitabu tu. Lakini yeye haajiri kwa kutazama. Anataka kuona matandiko yakiwa mgongoni mwa farasi, siku kwa siku, kwenye maji na baridi. Nikamwambia nenda na msafara wa kaskazini, na Bwana Taratibu nikamwomba amwache atazame, basi. Lile la Shangazi lipime kuliko yote. Na farasi mchunguze mgongo kila jioni. Fundo nilimfundisha mimi, farasi wake asije akafunguliwa. Gumba alinionyesha mwenyewe, sindano ilimpita akiwa na umri wako.

Hakuwa anatafuta vidonda vya Shangazi, mdogo wangu. Alikuwa anatafuta vyangu.

Na sasa amevipata. Ameviona vya soksi.

Utauliza kwa nini sikukuambia. Kwanza mdomo wako hauna kifuniko. Ungemwambia Kobe, Kobe angeliambia lori, na Tajiri angenitimua kabla sijajua kama nina pa kwenda. Hiyo ndiyo sababu ninayoisema mchana. Nyingine ni kwamba ungeniambia nisiende. Ungesema kwa mzaha, ungeuliza nani atakushonea suruali, na mimi ningecheka, na nisingeenda. Nikaona heri nijue kwanza kama nimeweza. Nisipoweza, usijue kamwe.

Ningeweza kumwandikia mimi, nimwambie ni soksi. Sitamwandikia. Ataona nimetafuta kisingizio, na mimi ningemwona hivyo hivyo. Wewe uliyeitia ndiwe utakayeitoa, mbele yake, kwa mkono wako. Au usiitoe. Ukinyamaza nitabaki hapa, nitakupikia, nitahamisha meza mvua ikinyesha, na sitakutajia tena jambo hili mpaka nakufa. Hilo nakuahidi pia. Uchague ukijua.

Msafara unarudi kesho jioni, na yeye ataondoka na treni moja kwa moja.

Mkande Shangazi kwa maji baridi, si kwa kusugua.

Dada


Kambi ya mwisho
Jumamosi asubuhi

Dada,

Ile yako ya Alhamisi ilinifikia soksi ikiwa imeshaingia, nikaidhania maneno ya Tajiri; ya pili niliisoma jana jioni karibu na moto. Mke wa daktari akaniuliza kama kuna msiba nyumbani. Nikamwambia bado, unaandaliwa.

Nakwambia ukweli, sikuinuka mara moja. Nilikunja barua yako nikaitia mfukoni nikasema kumbe ni rahisi tu, ninyamaze. Kunyamaza hakuna kazi. Nitakula chakula cha moto, nitavaa suruali nzima. Nikaenda kumkanda Shangazi. Nikammwagia maji pale kwenye uvimbe, akatetemeka, akageuza shingo akanitazama. Hakunikagua safari hii. Alinitazama tu, kama anayesubiri nimalize. Nikamwambia, "Na wewe umetumwa?"

Nikarudi. Bwana Glavu alikuwa kwenye gogo, tandiko mbele yake limepinduliwa, analitazama bila kuligusa, kama mtu mwenye njaa mbele ya sahani ya mwenzake. Wote walikuwepo. Nilipanga kumwita kando, lakini miguu ikanipeleka katikati na mdomo ukatangulia.

"Bwana, tandiko halina kosa. Kosa limo ndani, na lina harufu."

Nikatoa kisu nikaanza kukata uzi. Akanishika mkono.

"Si lako kulifungua, kijana. Mwenyewe hayupo."

"Mshono huu ni wangu. Uangalie ulivyo mbovu."

Akainama akauangalia. "Kweli," akasema. "Ni mbovu." Hakusita hata kwa adabu.

Nikaivuta. Ilitoka polepole, ikiwa imejikunja, na Bwana Taratibu, ambaye sijawahi kumwona akifanya jambo kwa haraka, alisimama ghafla akamwaga chai. Daktari akaanza kucheka, mkewe akamkanyaga.

Bwana Glavu akaipokea kwa vidole viwili. Halafu akavua glavu, Dada. Mikono yake ni mikono yako. Kucha nyeusi kwa rangi ya ngozi, na ule mfereji kwenye kidole unaokatwa na uzi wa nta. Ungemwacha mikono wazi siku ya kwanza ningejua kabla hajashuka kwenye farasi. Uliniogopa, na ulifanya vizuri, mimi ni hatari.

Alidhani nimeumaliza uzembe wangu, kumbe nilikuwa bado na maneno. Nikamwambia nilimdhania mnunuzi. Nikamwambia nilifumua mshono wako uliokuwa haujakosea kitu, nikaharibu kazi ya mtu asiyekuwepo kujitetea. Nikamwambia kama anataka kukasirika anikasirikie mimi, maana wewe huna habari, na dada yangu akishona kitu huwa kimeshonwa.

Aliigeuza soksi ndani nje. Akashika kisigino, akakisogeza karibu na moto.

"Hiki nani amekishona?"

"Yeye."

"Kwa uzi gani?"

"Alioukuta. Alifumua sweta lake."

Akakivuta huku, akakivuta huku. "Umetembea nacho siku zote hizi?"

"Nimetembea, nimelala, nimevuka mito."

"Halafu ukakitia chini ya tandiko ukakikalia."

"Sikukikalia. Nilisimama."

Mke wa daktari akathibitisha.

Akapitisha gumba lake bovu juu yake, taratibu, kama alivyompitisha Shangazi mkono ile jioni ya kwanza. Akasema, sijui na nani, "Haijaachia hata tundu." Kisha akanitazama. "Kwa hiyo ulidhani nimekuja kumchukua farasi."

"Nilidhani."

"Na sasa unajua nimekuja kumchukua nani."

"Najua."

"Kisu bado unacho mkononi, kijana."

Nikakitia mfukoni.

Akasema meza ni yako kama bado unaitaka, na kwamba lile tandiko utalijaza upya wewe mwenyewe mbele yake kabla hajapanda treni, ili aone mkono ukifanya kazi. Nikamwambia subiri kwanza. Yeye amekukagua siku zote hizi, na mimi nina zamu yangu. Nikamuuliza kama paa lake linavuja. Akasema halivuji. Nikamuuliza utalala wapi. Kwa binti yake aliyefiwa na mume, nyumba inayofuata. Nikamuuliza Jumapili mnafanya kazi? Hamfanyi. Nikamuuliza akikasirika hupiga kelele? Akasema hunyamaza, na mafundi wake wanasema heri angepiga kelele. Nikamwomba afungue mdomo. Akashangaa, akafungua. Nikamwita daktari aje kuthibitisha. Meno yapo, Dada, mawili tu si yake. Kwa umri huo ni mnyama mzuri.

Uvimbe wa Shangazi umeshuka. Kuleta maji alisaidia yeye, ndoo kwa mkono wake mzima. Leo Shangazi anarudi bila kitu mgongoni, na mimi nakuja kwa miguu nyuma yake, halali yangu.

Usije ukasikia sauti yangu ikiwa nzito leo jioni ukadhani kitu. Ni vumbi la njia. Kupika naweza, na nisipoweza nitakwenda kwa mke wa Kobe nikapongeze chakula chake mpaka anikaribishe. Suruali zikichanika nitaanzisha mtindo.

Na ukumbuke kwamba nilikuandikia tangu siku ya kwanza, huyu mtu amekuja kuchukua kitu chetu. Sikukosea. Nilikosea mnyama tu.

Soksi amekataa kunirudishia. Anasema ataitundika juu ya ile meza, mafundi wake waione. Kwa hiyo kabla hujaenda nishonee nyingine, na kisigino ukitie uzi mara mbili. Mguu wa kushoto umepata baridi njia nzima, na sitaki kukuita kutoka mbali kwa sababu ya mguu.

Mdogo wako,
Kiroboto